Walaji Kumi na Watatu wa Maganga Mashimba

(12 Machi 1947 – 9 Novemba 1999)

Ndugu waombolezaji, marehemu tunayemsindikiza leo alibatizwa Athanasi, lakini wazazi wake walimwita Maganga, na kwa jina hilo alijulikana kuanzia hapa Sapiwi hadi Bariadi mjini. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Masalu, ambaye si mtu wa kusimama mbele za watu. Aliukataa mara mbili. Alitaka mwalimu auandike, kwa kuwa mwalimu anayajua maneno ya kupamba. Mjane, shemeji yake Kwandu, alimjibu akiwa ameketi kwenye mkeka, bila kuinua kichwa.

"Ya kupamba sitaki. Kuna jambo unalo wewe, mwalimu hana. Nilikwambia utamwambia mwenyewe. Bado hajazikwa."

Ndiyo sababu ameandika Masalu. Jambo lenyewe mtalisikia likifika mahali pake.

Marehemu alizaliwa hapahapa Sapiwi, siku ya Jumatano tarehe 12 Machi 1947, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Mashimba na mama Nyanzobe. Ulikuwa wakati wa palizi. Mama yao alisimulia kwamba uchungu ulimshika shambani, akajifungulia kwenye kibanda cha kulindia ndege, na jioni akarudi nyumbani na mizigo miwili: mtoto mgongoni, mlenda kichwani. Baada ya Maganga walizaliwa mabinti wawili ambao hawakuvuka utoto, kisha mwaka 1953 akazaliwa Masalu. Wakabaki hao wawili.

Mzee Mashimba alikuwa na watoto wawili wa kiume na kundi moja la ng'ombe. "Mmoja asome, mmoja achunge," alisema, na akisema mzee huyo hapakuwa na rufaa. Maganga aliingia darasa la kwanza mwaka 1956 katika shule ya misheni. Masalu alipotimiza miaka sita akakabidhiwa fimbo. Kila asubuhi aliwapeleka ng'ombe upande wa mbuga, akawa anamwona kaka yake akipita njia ya juu na wenzake, amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ya mkaa. Wivu wa mtoto ni mdogo kwa umbo lakini una meno. Siku moja Masalu aliichukua kaptula ile akaizika ndani ya mtungi wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Maganga alikwenda shule na kaptula ya baba, ameikaza kiunoni kwa kamba ya katani, na darasa zima likamwita "Gunia" kwa muhula mmoja.

Michembe ilipokaribia kwisha, mama alitumbukiza mkono mtungini akatoa kaptula. Maganga alimtazama mdogo wake. Aliikung'uta, akaivaa, akaenda zake. Hakusema neno siku ile wala siku nyingine yoyote, na Masalu alimchukia kwa hilo kuliko kama angempiga.

Marehemu alimaliza darasa la nane mwaka 1963. Januari iliyofuata Masalu, akiwa kijana wa miaka kumi, akaketi darasa la kwanza pamoja na watoto wasiomfika kifuani, na mwaka 1970 akamaliza la saba. Kwa miaka mingi alihesabu miaka aliyocheleweshwa. Hakuwahi kuhesabu kwamba ng'ombe hawakujichunga wenyewe alipoingia shule. Aliyeipokea fimbo ni Maganga, msomi wa darasa la nane, na alichunga miaka miwili.

Mwaka 1966 marehemu aliajiriwa kuwa karani wa ghala katika chama cha msingi cha ushirika. Wengi wenu mlipima pamba yenu mbele yake. Mnamkumbuka na penseli nyuma ya sikio, na kadi zake ngumu zenye safu nne: Tarehe, Imeingia, Imetoka, Baki. Vyama vilipovunjwa mwaka 1976 na kurudishwa baadaye, mabango ya mlangoni yalibadilishwa lakini karani alibaki na ufunguo uleule. Alikuwa na kanuni moja ambayo vibarua waliigeuza wimbo wa kupakia: lililotangulia kuingia litangulie kutoka. Alikuwa mbishi pia, lazima isemwe. Akisema marobota ni mia mbili na nne, hata mwenyekiti akisema mia mbili na tano, ghala zima lilihesabiwa upya.

Tarehe 28 Septemba 1974 marehemu alifunga ndoa na Apolonia Kwandu, binti wa Mwanhuzi, kule Meatu. Mahari ilikuwa ng'ombe kumi na wanane. Wakwe waliwachagua kwa macho yao, na hawakuchagua wabaya. Masalu ndiye aliyewafungulia zizi, kwa kuwa ndiye aliyewachunga, na kila mmoja alimjua kwa jina. Alisimama langoni akiwatazama wanaondoka kwenda kumwolea kaka yake mke. Zizi lililobaki lilikuwa na ndama na majike wazee. Ilichukua miaka sita zizi hilo kujaa tena ndipo na yeye akaoa, mwaka 1980. Katika miaka hiyo sita alikula chakula cha Kwandu karibu kila jioni, akakisifu mbele za watu, na kila tonge lilimkwama kidogo.

Mungu aliwajalia Maganga na Kwandu watoto watano. Wa kwanza ni Gloria, wa mwisho Winnie. Masalu na mkewe Felisita walipata wanne. Hesabu hizo mzishike, tutazirudia.

Mwaka 1994 makampuni ya watu binafsi yaliruhusiwa kununua pamba. Malori yalianza kufika hadi mashambani, kila moja na mizani yake, na wakulima tukauza popote palipotupendeza. Ghala la chama likawa na mwangwi. Tarehe 30 Juni 1995 marehemu alipunguzwa kazi pamoja na wenzake wanane. Aliomba kitu kimoja tu, mkuu wake akamruhusu: kadi za ghala ambazo hazijaandikwa, zilizokuwa zipelekwe kuchomwa. Alirudi nyumbani amezibeba kichwani ndani ya boksi la sabuni.

Masalu alimwona akipita na boksi lile, na moyo wake, Mungu amsamehe, ulipoa kama uliomwagiwa maji. Alijisemea: sasa tumelingana. Sasa tutaona nani mkulima.

Wiki haikuisha kabla marehemu hajaingia jikoni kwa mkewe na kadi. Ndugu zangu, mnajua kwetu mwanaume anayechungulia chungu anaitwaje. Chungu ni cha mama, na kihenge cha nafaka ya kula ni cha mama. Baba akishajaza huondoka, asionekane tena hapo. Kwandu alimsimamia mlangoni na mwiko.

"Unatafuta nini humu, baba Gloria?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini? Mimi naiba?"

"Huibi. Jana ugali uliobaki, ulikwenda wapi?"

"Kwa mbwa. Na juzi kwa mbwa. Unamwonea wivu mbwa?"

"Kwa wiki, mbwa wetu anakula robo debe ya mahindi," marehemu alisema. "Hata mimi chama hakikunilipa hivyo."

Kwandu alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Walikaa wakapatana: kalamu ya mume, mwiko wa mke. Yeye hatagusa chungu, na mke hatagusa kadi, ila kila jioni mke ataeleza kilichotoka na kilichobaki. Walipunguza makopo mawili ya unga kwenye ugali wa usiku, na hakuna mtoto aliyelala njaa. Kiporo kikageuzwa uji wa asubuhi. Kunde za kukausha, michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyochemshwa kisha kukaushwa, vikaandikwa tarehe kwa mkaa kwenye magunia, vya zamani vikawekwa mbele, vipya nyuma. Kadi kubwa ikatundikwa kwa kamba kwenye mlango wa stoo. Marehemu alikuwa mkweli mno kwenye kadi hiyo. Kwenye safu ya Imetoka yapo maneno kama: "Ugali, kopo 6." "Mgeni wa Kwandu, kopo 2." "Panya, kopo 1, kwa kukadiria."

Watu walicheka. Kilabuni walimwita "Mama Maganga". Masalu alicheka kuliko wote, na ikifika zamu yake ya kuongeza utani aliongeza. Lakini akirudi nyumbani alipita karibu na stoo ile, akanusa harufu ya mahindi makavu yaliyotunzwa, na kicheko kilimwisha kabla hajafika kwake.

Mwaka 1996 Masalu alivuna magunia kumi na mawili ya mahindi, mavuno yaliyomshinda kaka yake kwa magunia mazima. Aliyaanika uani kwa siku tatu zaidi ya ilivyohitajika, ili yaonekane. Marehemu alikuja, akazunguka yale mahindi, akapiga hesabu midomo ikicheza.

"Mwadila, Masalu," alimsalimia. "Mavuno mazuri. Bakiza debe thelathini. Mlaji mmoja debe tano kwa mwaka, nanyi mko sita."

"Kaka, hili si ghala la chama."

"Najua. Ghala la chama lina mlango."

Wiki ile alifika mfanyabiashara wa mjini, Muksini, na lori lake. Alikuwa mtu wa haki. Kabla ya kupima aliuliza, "Mzee Masalu, ya watoto umeweka kando?"

"Ya watoto ipo," alijibu Masalu kwa sauti, kwa kuwa kaka yake alikuwa amesimama upande wa pili wa boma.

Aliuza magunia kumi, akabakiza mawili. Alinunua baiskeli mpya yenye kengele mbili na redio ya mawe manne ya betri. Kila akipita nyumbani kwa Maganga, aliyekuwa akitembea kwa miguu na kulala chini ya nyasi zilezile za paa lake, alipiga kengele zote mbili.

Mvua za mwaka ule zilichelewa, mnakumbuka. Magunia mawili yakaisha mwezi wa kumi na moja, viazi vikaisha baada ya sikukuu. Mahindi yaleyale aliyoyauza yalirudi sokoni Bariadi kwa bei mara mbili na nusu. Redio iliuzwa, kisha baiskeli na kengele zake. Kwa Masalu moshi ulionekana mara moja kwa siku. Kwa kaka yake ulionekana mchana na jioni, na upepo wa majira yale ulivuma kutoka kule kuja huku.

Ndipo marehemu akaanza kuja na debe begani. Hakusema "chukueni mle." Alisema, "Nisitirieni hili debe, stoo yangu imeingiwa na panya." Baada ya wiki mbili alikuja na lingine: "Mlango wangu umevunjika bawaba, kaeni nalo hadi nitengeneze." Hakurudi kuliulizia hata moja. Felisita alipiga magoti kwa shukrani. Masalu alishukuru kwa mdomo. Moyoni aliona kila debe ni kaptula ya kaki inayokung'utwa mbele yake, bila neno. Alitamani kaka yake amtukane, amwambie "Nilikwambia." Mtu akikutukana mko sawa, lakini akikulisha kimya kimya unabaki chini.

Alianza kutafuta kosa la Maganga kama mtu anavyotafuta sindano aliyoidondosha, kwa magoti.

Mnamo Machi 1997, adhuhuri, Masalu alikwenda kurudisha debe tupu. Hapakuwa na mtu nyumbani. Mlango wa stoo ulikuwa wazi ili hewa iingie, na kadi ilikuwa ikining'inia. Aliisoma. Juu kabisa, kwa mwandiko wa karani, iliandikwa: "Walaji 13. Debe 65."

Aliisoma tena. Alihesabu kwa vidole: Maganga, Kwandu, watoto watano. Saba. Hakuna mtoto aliyeoa wala kuolewa, hakuna mkwe aliyehamia. Saba. Hao sita wengine ni akina nani?

Ndugu waombolezaji, furaha iliyomwingia Masalu pale mlangoni aliikumbuka baadaye kama mtu anavyokumbuka alichokula kabla ya kutapika. Alikumbuka kwamba kila mwezi Maganga huondoka siku mbili, anasema anakwenda Kiloleli. Akaipata hadithi nzima kwa mara moja: kule Kiloleli yupo mwanamke, na wapo watoto watano. Mtu wa kanuni, mtu wa penseli sikioni, ana nyumba ya pili, na bila aibu ameiandika mlangoni kwa mkewe!

Hakungoja ipoe. Alimkuta Kwandu shambani akipalilia karanga, akasimama mbele ya jembe lake.

"Shemeji, mimi ni ndugu wa mumeo, lakini ukweli hauna undugu."

"Kaa kwanza upumue. Umekimbia?"

"Kaka analisha nyumba nyingine."

Kwandu aliegemea jembe. "Nani kakwambia?"

"Kadi yake mwenyewe. Walaji kumi na watatu. Ninyi ni saba. Sita wako wapi? Wako Kiloleli! Muulize anakwenda kufanya nini kila mwezi."

Kwandu hakulia wala hakupiga kelele. Alimtazama muda mrefu kama anayemtazama mtoto aliyevunja kitu na bado hajajua. Kisha akauliza polepole:

"Shemeji, kwako mko wangapi?"

"Kwangu? Mimi, Felisita na watoto wanne."

"Sema basi. Wangapi?"

"Sita."

"Kiloleli anafuata dagaa. Ananunua visado viwili. Kimoja unakula wewe." Kwandu aliinama akaendelea kupalilia, na Masalu akawa anaona mgongo wake tu. "Tangu kadi ya kwanza ameandika kumi na watatu. Ulipovuna ukatupita, aliandika kumi na watatu. Ulipokuwa ukitupigia kengele, kumi na watatu. Nilimwuliza, huyu si ana shamba lake? Akaniambia, mama alituachia chungu kimoja, sikuambiwa nigawe."

Masalu aliketi kwenye tuta. Alisema, "Usimwambie."

"Sitamwambia."

"Niapie."

"Sikuapii. Mimi sitamwambia kwa sababu utamwambia wewe."

Alijaribu. Mwezi wa nane mwaka ule alimkuta marehemu akipepeta, akaanza: "Kaka, kuna jambo la ule mwezi wa tatu..." Marehemu akadakia, "Mwezi wa tatu? Usinikumbushe! Dumuzi waliingia mpaka kihenge cha pili, wale wadudu tunaowaita skania. Njoo uone walivyotoboa." Akamshika mkono, wakatazama punje hadi jioni. Mara ya pili palikuwa na wageni. Mara ya tatu hapakuwa na wageni wala dumuzi, palikuwa na wao wawili tu kivulini, na Masalu akazungumzia bei ya pamba. Aibu ni mzigo usio na mpini, mtu hajui aushike wapi.

Aliloweza alilifanya kwa mikono. Aliomba kadi moja katika boksi lile akaitundika kwake. Mwaka 1998 alibakiza debe thelathini kamili, na Februari iliyofuata, mwezi wa njaa kwetu, ikapita bila kubisha hodi.

Mwezi wa pili mwaka huu marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo. Alitibiwa hospitali ya wilaya, kisha akapelekwa Mwanza, ambako madaktari waliona uvimbe na kueleza kwamba umekwenda mbali. Aliomba arudishwe nyumbani. Mtu aliyeandika kila kopo lililotoka akawa hawezi kula. Kikombe kimoja cha uji kikawa nusu, nusu ikawa vijiko. Na hivyo vijiko navyo alimtajia Kwandu idadi yake.

Mwezi wa kumi, Masalu akiwa ameketi karibu na kitanda, marehemu aliomba aletewe kadi ya mlangoni. Aliishika kwa shida. Alikata ile 13, akaandika 12 pembeni.

"Futa," alisema Kwandu. "Maganga, futa hiyo."

"Karani haandiki kilichomo moyoni, mke wangu. Anaandika kilichomo ghalani. Mimi sili tena." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Masalu. Mwezi wa pili unakuja. Umebakiza?"

"Nimebakiza, kaka."

"Ngapi?"

"Sitini na tano."

Marehemu alikunja uso. "Ninyi ni sita. Sita mara tano ni thelathini. Zile nyingine?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angesema: mwaka huu hukuweza kulima, nimewaandika ninyi kwangu kama ulivyotuandika sisi kwako, na ninajua kwa sababu niliisoma kadi yako nikakusingizia mwanamke.

"Nyingine ni za panya," alisema.

Midomo ya marehemu ilicheza kama ilivyocheza alipozunguka mahindi uani. Thelathini na tano, gawanya kwa tano. Alipofika kwenye jibu alimtazama mdogo wake, akaanza kucheka, akacheka hadi Kwandu akaja kumshika kifua.

"Panya saba," alisema akihema. "Masalu, una panya wanono."

Alifariki dunia Jumanne tarehe 9 Novemba 1999, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa Kwandu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, miezi saba na siku ishirini na nane. Hesabu hiyo Masalu aliirudia mara tatu, kwa kuwa marehemu angeirudia.

Hili ndilo alilopaswa kulisikia akiwa hai, na analisikia kabla udongo haujamfunika: kaka, ulipokuwa ukimlisha Masalu na watoto wake, yeye alikwenda shambani kwa mkeo akakuchongea kwamba unalisha nyumba ya nje. Nyumba ya nje ilikuwa yake. Mkeo alilibeba neno hilo miaka miwili na miezi minane, asikutupie usoni. Masalu anakuomba msamaha, na anamwomba Kwandu mbele ya watu wote hawa. Wivu wenyewe haujaisha wote, asije akasema uongo juu ya kaburi. Hata leo, akiuona umati huu uliokuja kwa miguu kutoka Mwanhuzi na Kiloleli, kuna kitu ndani yake kinachouliza kama watu nusu ya hawa watakuja siku yake. Lakini sasa anakijua jina.

Marehemu ameacha mjane, Apolonia Kwandu. Watoto watano, Gloria, Method, Shija, Mihayo na Winnie. Mdogo wake mmoja, Masalu, pamoja na mkewe Felisita na watoto wao wanne. Jumla yao ni kumi na wawili. Familia inawashukuru wote waliomuuguza, majirani waliochota maji, na akina mama waliopika kwa mafungu matatu badala ya moja, kama Kwandu alivyoagiza, ili kila sufuria iishe kabla nyingine haijainjikwa.

Kwenye mlango wa stoo ya Masalu kadi ilikuwa imeandikwa 13. Alitaka kuiacha hivyo. Leo alfajiri aliikata kwa mkono wake akaandika 12, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofundishwa. Zile debe tano zilizokuwa za marehemu zilitolewa jana, zikasagwa, na ndizo mlizopikiwa. Katika safu ya Imetoka imeandikwa: "Wageni wa Maganga, debe 5." Kwa hiyo anayekula leo ajue ametengewa na nani, na asibakize kwenye sahani.

Kaka Maganga, mlango umefungwa, ufunguo upo mahali pake, na hesabu imekubali. Weka penseli chini upumzike kwa amani.